Mama Syprose Aweka Uma Chini

Tulimwacha Mama Syprose na uma hewani, kipande cha samaki kimeshafika karibu na midomo yake, na ukumbi mzima wa Birika umezuia pumzi. Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza njiani, sokoni na hata kanisani: je, alikula?

Hakula.

Aliushusha uma polepole, akaulaza kando ya sahani, akakunja mikono mapajani na kutazama nje kwenye mashamba ya chai. Ungedhani sahani ile aliwekewa mtu mwingine na yeye alikuwa akimlindia tu.

Kipchirchir, mpishi kijana wa Birika, aliyaona yote kupitia kidirisha cha jikoni, kile ambacho sahani hupitishiwa kwenda ukumbini. Kitambaa alichoshika kilimdondoka. Alijiambia labda samaki alikuwa wa moto. Labda mama alikuwa akiomba kimoyomoyo. Lakini Mama Syprose alikuwa ameomba tayari, kwa sauti, na watu wote wakaitikia amina.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi.

Birika ni nyumba ya wageni ya zamani, nje kidogo ya Roret, iliyojengwa na walowezi wa chai waliotaka mahali pa kula na kulala wakiwa safarini. Iliitwa hivyo kwa sababu ya birika kubwa lililochorwa kwenye kibao chake. Wenyewe walipoondoka ikafungwa, mabati yakashika kutu, ndama wakahamia kwenye baa. Hapo ndipo Nelvine, binti wa papa hapa aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli za Nairobi, alipoichukua. Aliwafukuza ndama, akaisugua sakafu ya mbao mpaka ikang'aa, akatandika vitanda kwa mashuka meupe na kufungua tena ukumbi wa chakula wenye mahali pa moto. Leo ilikuwa siku ya ufunguzi.

Nelvine hakutaka utepe. Alisema utepe hukatwa hata kwenye choo cha soko. Alichotaka ni Mama Syprose, mpishi wa mwisho wa Birika ya zamani, aketi kwenye meza ya katikati na kula tonge la kwanza mbele ya wageni wote. Kabla yake, mtu asiguse chakula. Mama akila, hoteli imefunguliwa.

Na asipokula? Hilo Nelvine alilisema jikoni tu, akimtazama Kipchirchir usoni. Mama Syprose asipokula, jiko litakuwa la Kepher, mpishi aliyeletwa kutoka Kisumu kusaidia siku za ufunguzi, ambaye tangu afike alikuwa akilipima jiko lile kwa macho kama mtu anayekaribia kuhamia.

Mngedhani hilo linatosha kumtoa kijana jasho. Lakini Kipchirchir alikuwa na siri nyingine. Alimpenda Aluoch, binti ya Mama Syprose, msimamizi wa ukumbi, na Aluoch alimpenda yeye. Walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu mpaka ufunguzi upite. Kwanza jiko, halafu wazazi. Maana mtu asiye na kazi atatuma wazee waende kuomba mke kwa mdomo upi?

Kwa hiyo jiko na mke, vyote viwili, vilikuwa vimelala juu ya samaki yule mmoja.

Na samaki mwenyewe lilikuwa wazo la Kipchirchir. Alimfukiza kwa moshi wa majani makavu ya chai, akamwekea mchuzi mzito wa nyanya, na kando akampangia isagek, mboga chungu za kwao zilizolainishwa kwa maziwa, pamoja na ugali wa wimbi. Mkipsigis kumpikia samaki mama wa Kijaluo, tena mbele ya watu! Wenzake jikoni walikuwa wamemwambia ana kichwa kigumu.

Mlango wa jikoni ulisukumwa. Nelvine aliingia na tabasamu la kuwatabasamia wageni, na mlango ulipojifunga nyuma yake, tabasamu likabaki upande wa pili.

"Chef, umeweka nini kwa hiyo samaki?"

"Kile tulikubaliana, madam. Umeonja wewe mwenyewe jana."

"Jana ilikuwa jana. Huko nje chifu ameweka uma chini kwa sababu Mama Syprose ameweka. Mchungaji ameweka. Watu wote wameketi wanaangalia chakula ikipoa. Na mvua ile pale inakuja."

Kweli, wingu la kila alasiri lilikuwa limeshapanda nyuma ya vilima. Nelvine alimgeukia Kepher, akamwambia aonje na aseme ukweli, bila kumwonea mtu haya.

Kepher alichukua kijiko kwa madaha, akavuta sahani ya samaki aliyebaki jikoni. Alionja, akafumba macho. Akaonja tena upande wa mkia. Akasogea kichwani, akauliza kama mchuzi umebaki, akaongezewa. Jiko zima lilisubiri hukumu. Ilipokuja, kwenye sahani ilibaki mifupa tu.

"Kuna kitu inakosa," alisema.

"Kitu gani?"

"Bado natafuta," Kepher alijibu, na kijiko kikarudi kwenye sufuria.

Wakati huo Aoko, mdogo wake Aluoch anayekaa mapokezi, alichungulia mlangoni na trei ya glasi. Alikuwa amekuja kuuliza wageni waambiwe nini. Alipomwona Kepher alisahau swali lake, akamwonyesha kwa kidole mahali mchuzi ulipomgandia kidevuni. Kepher alipangusa haraka, akaona aibu. Aoko akaondoka akicheka nyuma ya trei, na hakuna aliyemjali, kwa kuwa kila mtu alikuwa na yake ya kujali.

Nelvine alitoa nafasi ya mwisho. Kulikuwa na kuku wa kienyeji aliyekwisha kuiva. Apelekwe huyo. Mtu anaweza kukosana na samaki, lakini nani amewahi kukosana na kuku?

Aluoch ndiye aliyemchukua. Kipchirchir alimwona akipita katikati ya meza na sahani ile, mgongo umenyooka, na akajua kwa jinsi alivyotembea kwamba naye alikuwa na hofu. Mama Syprose aliitazama sahani ikitua. Pua yake ilicheza. Alimeza mate waziwazi, chifu akaona, wote wakaona. Kisha alimshukuru binti yake kwa upole, akaisogeza sahani ya kuku ikakae karibu na ya samaki, na kurudi kutazama chai.

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja karibu na dirisha aliinua simu akapiga picha ya sahani mbili zisizoguswa.

Kipchirchir hakuvumilia. Aliosha mikono, akanyoosha aproni, akatoka mwenyewe. Tangu aje kufanya kazi Birika alikuwa akimsalimia Mama Syprose kila Jumapili nje ya kanisa, na yule mama alikuwa na tabia ya kuushika mkono wake bila kuuachia huku akimuuliza habari za ng'ombe wa kwao. Alijua akimfikia karibu, akamuuliza kwa heshima, mama atamwambia kosa liko wapi.

Alifika mezani, akainama kidogo, akanyoosha mkono. "Mama, habari yako."

Mama Syprose aliuvuta mkono wake nyuma haraka. Alijifunika upande wa uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akainuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mke wa chifu.

Kipchirchir alidhani hakuonekana vizuri. Akazunguka meza kwa kulia. Mama Syprose akazunguka kwa kushoto. Akarudi kushoto, mama akarudi kulia. Mke wa chifu aliye katikati yao hakujua ageukie wapi. Watu walianza kucheka, kwanza kwa kujificha, halafu bila kujificha.

Alirudi jikoni na mkono wake bado umenyooka nusu. Najua mmecheka na nyinyi, lakini yeye hakucheka. Iliuma. Chakula kikikataliwa unaweza kupika kingine. Yeye alikuwa amekataliwa mkono, na mkono hana mwingine wa kuleta.

Aluoch aliona yote akiwa amesimama karibu na mahali pa moto. Aliweka chini jagi la maji, akamfuata mpaka kwenye stoo ya unga na viazi, akafunga mlango.

"Umetuma mtu kwetu?"

"Mimi? Nani?"

"Kipchirchir, niangalie. Umetuma mtu kwa mama?"

Aliapa hakutuma mtu. Alimkumbusha mapatano yao: kwanza jiko, halafu wazazi. Angewezaje kutuma mtu na hata jiko lenyewe linamponyoka? Aluoch alimwangalia kwa muda, midomo yake ikichezacheza kwa namna ambayo Kipchirchir hakuielewa. Alidhani anataka kulia.

Hodi ikapigwa mlango wa nyuma.

Alikuwa Mzee Mathew, baba yake Kipchirchir, ndani ya koti la kanisani, kofia mkono mmoja na kibuyu kitupu mkono wa pili. Nelvine alikuwa amempelekea kadi nzuri ya kumwalika aingie kwa mlango wa mbele kama wageni wengine. Lakini Mzee Mathew, ujanani mwake, ndiye aliyekuwa akileta maziwa Birika, na enzi hizo mwenye maziwa alijua mlango mmoja tu, wa jikoni. Leo akili yake ilikuwa imeelekea mbele, miguu ikampeleka nyuma.

Alimsalimia Aluoch kwa furaha isiyo ya kawaida. Kisha akauliza kama jibu limeshatoka.

"Jibu gani, baba?" Kipchirchir aliuliza.

Mzee Mathew hakuwa mtu wa kuharakisha maneno. Alieleza jinsi alivyoamka mapema na mama yake Kipchirchir, wakachukua kibuyu cha mursik, maziwa ambayo mama alikuwa ameyalaza vizuri na kuyatia mkaa wake, wakashuka mpaka kwa Mama Syprose kabla hajafungulia hata kuku. Alieleza walivyokaribishwa. Alieleza kiti alichopewa. Kipchirchir alihisi kama anataka kumtikisa maneno yatoke.

"Lakini baba, nani alikwambia?"

"Aniambie nini? Mimi naketi nyuma yako kanisani. Naona vile shingo yako inageuka. Nyinyi vijana mnasema ngoja, ngoja. Nangoja nini, na mgongo ndiyo hii inauma?"

Basi walikuwa wamemwomba binti. Mama Syprose alimimina mursik kwenye kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakiosha kibuyu kwa mkono wake mwenyewe na kuwarudishia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema jibu watalipata mchana huohuo, huko Birika, mbele ya watu. Ndiyo maana Mzee Mathew alikuwa amekuja na kibuyu, kwa sababu habari ikiwa njema mtu anaweza kutaka kukijaza tena.

"Sasa niambie," alisema. "Amesema nini?"

"Hajasema kitu, baba. Amekataa chakula yangu. Sahani mbili. Nimeenda kumsalimia, amenikimbia mbele ya chifu."

Uso wa mzee ulishuka. Alitafuta mahali pa kukaa, akakalia gunia la viazi, akakiweka kibuyu magotini. Aliomba msamaha kwa sauti ndogo. Alisema ni yeye aliyeharibu kwa haraka yake, na kwamba mtu akikukimbia mbele ya chifu, hilo ni jibu, huhitaji la pili.

Kipchirchir hakuwa na hasira naye. Alikuwa na huzuni tu, huzuni nzito ya kukosa jiko na mke katika mchana mmoja.

Ndipo Aluoch alipocheka.

Alicheka mpaka akashika rafu ya unga. Alijaribu kusema, akashindwa, akaanza tena. Mzee Mathew alimtazama mwanawe kuuliza kama msichana yuko sawa.

"Mama ameshajibu," Aluoch alisema alipopata pumzi. "Nyinyi hamjui tu kusikia. Kwetu mama hali chakula ya mkwe wake. Hamshiki mkono, haketi karibu na yeye. Ni heshima. Kama angekuwa amekukataa, angemaliza hiyo samaki yote, anyonye hata kichwa, halafu aulize kama kuna ingine."

Maneno yalimwingia Kipchirchir moja moja. Uma uliowekwa chini. Sahani ya kuku iliyosogezwa. Mkono uliovutwa, mbio za kuzunguka kiti cha mke wa chifu. Alikuwa amekubaliwa mbele ya kijiji kizima, mara tatu, na kila mara amekaribia kulia.

Furaha ilimpanda ghafla, akamwinua baba yake kutoka kwenye viazi na kumkumbatia pamoja na kibuyu chake.

Haikudumu. Kutoka ukumbini ilisikika glasi ikigongwa kwa kijiko, na sauti ya Nelvine ikiwaomba wageni utulivu. Alikuwa akiwaomba radhi. Alikuwa akisema kwamba hoteli nzuri hukubali makosa yake mapema, na kwa sababu hiyo kuanzia leo jiko la Birika litaongozwa na mtu mwingine.

Kipchirchir alitoka mbio. Lakini aliyetangulia kusema hakuwa yeye.

Mama Syprose alikuwa ameinuka. Hakumtazama Kipchirchir hata kidogo. Alielekeza uso wake mahali pa moto na kuongea nao, na kila mtu akanyamaza kusikiliza.

"Nelvine, nyathina, mtoto wangu, usimfukuze huyo kijana. Kosa si yake. Mimi nilipika kwa hii nyumba nikiwa nimeolewa juzi tu. Sahani nilikuwa napitisha kwa kile kidirisha pale. Viti nilikuwa nahesabu kwa macho, hata moja sikuwahi kalia. Leo nimekalia. Na hiyo samaki inanukia mpaka nimesikia vibaya. Lakini asubuhi watu wazima wamekuja kwangu na maziwa, wakaomba binti yangu, na mimi nimekubali. Wengine siku hizi wanalegeza hayo mambo. Mimi silegezi. Chakula ikitoka kwa mkono ya mkwe wangu, sili. Kuleni nyinyi. Mimi nitashiba na macho."

Aliketi.

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mchungaji akapiga meza, na mke wa chifu, aliyeelewa sasa kwa nini amezungukwa, alicheka kuliko wote. Mzee Mathew alisimama kwenye mlango wa jikoni, kofia ameivaa kinyume, akiwaambia watu wasiomuuliza kwamba yule ni mwanawe. Chifu hakupoteza muda wa pongezi. Aliinua uma.

"Bado," Nelvine alisema.

Chifu aliushusha.

Nelvine alikuwa amefurahi, msidhani hakufurahi. Alikuwa amemshika Aluoch mkono na macho yake yalikuwa na maji. Lakini alikuwa ametangaza kila mahali kwamba Birika itafunguliwa kwa tonge la Mama Syprose, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Asipokula mama, hakuna anayekula. Matone ya kwanza ya mvua yaligonga mabati, na wageni wakaangaliana kwa njaa.

Kipchirchir yeye alikuwa akimtazama mama mkwe wake kwa pembeni, kama inavyopasa sasa. Alimwona alivyoketi, mikono mapajani, kwenye kiti alichokitamani tangu ujana wake. Miaka yote ile alipika wengine wakala. Leo amevaa gauni lake zuri, ameketi mahali pa wageni, na anashinda njaa kwa ajili ya binti yake na kwa ajili yake yeye. Kipchirchir aliona aibu na furaha kwa pamoja, na akaona hawezi kuiacha siku ile imalizike hivyo.

Aliingiza mikono nyuma ya kiuno, akashika fundo la aproni.

Nelvine alimwona. Alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hapendi michezo. "Ukivua hiyo, Kepher ndiye chef. Sibadilishi wapishi kama mashuka."

Alimtazama Aluoch. Aluoch hakutikisa kichwa, hakuitikia. Alikuwa amejikumbatia, akimwachia aamue mwenyewe. Kule mlangoni Mzee Mathew aliivua kofia.

Kipchirchir alifungua fundo. Alilipenda jiko lile, alilijua kila kona yake, na vidole vyake vilikuwa vizito. Aliivua aproni, akaikunja, akamvisha Kepher shingoni.

"Mpikie mama," alisema. "Na usichelewe."

Kepher, aliyelitamani jiko lile tangu afike, alilipokea bila furaha yoyote. Alifungua mdomo kama mtu mwenye jambo la kusema, akamtazama Kipchirchir, akamtazama Nelvine, akaufunga. Aliingia ndani. Mafuta yalisikika yakilia kwenye kikaango. Wageni walinusa hewani wote kwa pamoja. Mvua ilikuwa sasa imeshuka kwelikweli, na hakuna aliyeondoka.

Samaki alitoka amekaangwa mkavu, rangi ya dhahabu, na ugali kando. Kepher alimleta mwenyewe, akamweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Syprose alitabasamu. Alimnyofoa mgongoni, akachoma kwa uma. Chifu akachoma wake. Mchungaji akachoma. Ukumbi mzima, uma ukapanda kwa pamoja.

Trei ya glasi ilianguka mlangoni.

Alikuwa Aoko. Glasi zilikuwa zimetapakaa miguuni pake na hakuziona. Alikuwa anauangalia uma wa mama yake.

"Mama," alisema. "Usile."

Uma ulisimama karibu kabisa na midomo. Mama Syprose alimtazama binti yake mdogo, kisha akamtazama Kepher. Kepher alikuwa ameanza ghafla kuzichunguza mbao za dari.

"Na huyo pia, mama," Aoko alisema. "Wazee wake wanakuja Jumamosi."

Mama Syprose aliweka uma chini. Chifu akaweka wake, na safari hii aliuweka kwa kelele.

Nelvine aliitazama aproni shingoni mwa Kepher. Akamtazama Kipchirchir aliyeivua. Akatazama ukumbi uliojaa watu, chakula kimejaa mezani na hakuna mdomo unaotafuna. Alivuta kiti cha karibu, akakaa.

"Kuna mtu yeyote hapa," aliuliza, "anajua kupika na hataki binti ya Mama Syprose?"

Wanaume waliinamisha vichwa. Mvua ilinguruma juu ya mabati. Kisha kule kwenye mlango wa jikoni mkono mmoja ukainuka, umeshika kibuyu kitupu.

Ulikuwa wa Mzee Mathew, ambaye Kipchirchir, tangu azaliwe, hakuwahi kumwona akichemsha hata chai.